Chakula Bila Moshi, Bila Harufu
Mafundisho kwa wamama wa kliniki

Wamama, ninyi munaonyonyesha, ninyi wenye mimba, na ninyi wabibi wazee muliokuja na wajukuu. Mukae vizuri. Kazi ya kilo inaendelea pale. Mama akiitwa aende kupimisha mutoto, kisha arudi pahali pake.

Leo hatutasema juu ya chanjo wala juu ya minyoo. Tutasema juu ya chakula cha kukimbia nacho, hasa chakula ambacho mama anaweza kula ku pori pamoja na watoto, na mutu mubaya asijue kama kuko watu pale.

Munajua namna gani upande wetu wa mashariki uko. Toka vita ya mwaka 1996, na ile ya 1998, mpaka siku hizi, wamama wa Ituri na wa Kivu zote mbili wamelala ku pori mara nyingi. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 vita iliingia Goma, na mwezi wa pili ikaingia Bukavu. Mama anayesikia bunduki usiku hana saa ya kupika. Anafunga mutoto ku mugongo, anakamata ule mwingine ku mukono, anatoka. Kile alichotayarisha mbele ndicho atakachokuwa nacho.

Basi mushike neno hili moja: kazi yote ya moto imalizike nyumbani, wakati kuko amani. Ku pori hatupiki. Ku pori tunafungua, tunachanganya na maji safi, tunalisha mutoto, tunanyamaza.

1. KWA NINI HARUFU NI HATARI

Muchana moshi unaonekana mbali. Usiku mwangaza wa moto unaonekana mbali. Lakini harufu inatembea muchana na usiku, hata kama umezima moto. Jioni hewa inapopoa, hewa baridi inashuka toka mulima kwenda ku bonde, nayo inabeba moshi na harufu. Na njia za watu ziko wapi? Mara nyingi ziko chini ku bonde, karibu na maji. Mama aliyejificha juu anafikiri yeye ni mbali, kumbe harufu ya chungu chake imekwisha kushuka.

Mutu mwenye njaa anasikia harufu ya samaki mbele ya kuona mwenye kukaanga. Wale wenye bunduki nao wanatembea na njaa. Imbwa nao wanasikia kuliko watu. Tena siafu na panya wanafuata harufu mpaka ndani ya mufuko, na asubuhi unakuta chakula cha mutoto kimechafuka.

Mwanafunzi wetu wa shule atapitisha chupa mbili. Ndani ya moja kuko samaki wa moshi. Ndani ya ingine kuko unga wa kukaanga uliofungwa toka juma lililopita. Kila mama afungue, anuse, apitishe kwa mwenzake. Wewe unayesoma karatasi hii nyumbani, fanya vilevile na vyakula vyako: nusa, halafu rudi nyuma hatua 10, nusa tena. Pua lako litakufundisha kuliko mimi.

2. VYAKULA VYA KUACHA NYUMBANI

Samaki wa moshi, makayabo, ndakala na sambaza. Ni vyakula vizuri sana vya kukomalisha watoto, lakini vina harufu kali. Muvikule nyumbani.

Nyama ya moshi. Ni vilevile.

Kwanga, na unga wa muhogo uliolowekwa. Vina harufu ya kuchacha, na unga wa muhogo unaomba moto.

Mawese ya kukaangia, kitunguu, kahawa. Havinuki sana ndani ya chupa, lakini vikigusa moto kijiji chote kinajua.

Ndizi za kuiva sana, nanasi, maembe. Harufu yao ni tamu na inaita inzi. Tena maganda yanabaki chini kama barua: hapa wamepita watu, na hawajaenda mbali. Miwa ni vilevile. Kutafuna kwake kunasikika, na makapi yake yanaonyesha njia yako.

3. VYAKULA VYA KUBEBA

Cha kwanza, maziwa ya mama. Nitasema juu yake kwa pahali pake.

Cha pili, unga wa kukaanga. Ku Kivu wamama wengi wanajua unga wa masoso: mahindi, soja na sorgo, ndiyo mutama. Mara nyingi tunapika uji wake. Lakini kama mbegu zimekaangwa vizuri kabisa mbele ya kusaga, unga ule umekwisha kuiva. Unaweza kuchanganywa na maji safi ya baridi na kuliwa pale pale.

Cha tatu, karanga za kukaanga na kutwangwa pamoja na sukari na chumvi kidogo. Zina mafuta mengi, kwa hiyo kidogo tu kinashibisha. Wakati wa kukaanga zinanuka sana. Kwa sababu hiyo tunakaanga nyumbani. Zikipoa na kufungwa, harufu ni kidogo. Musimupe mutoto wa chini ya miaka 5 karanga nzima, zaidi katika giza, juu inaweza kuingia ku njia ya pumzi na kumuua. Zitwangwe.

Cha ine, biskwiti kavu zisizo na harufu ya vanila nyingi, na sukari. Biskwiti zinavunjika na zinachukua nafasi kubwa, basi ni za kusaidia tu.

Kama mutoto wako yuko katika matunzo ya kwashiorkor ao ya kukonda, anapata ile Plumpy'Nut. Ile ni karanga na maziwa na mafuta na vitamini. Haiombi maji wala moto. Ni dawa ya mutoto yule, si ya kuuza wala ya kugawanya kwa wakubwa. Ukiona hali ya vita inakaribia, uliza muganga kama anaweza kukupa ya majuma zaidi.

4. NAMNA YA KUTENGENEZA UNGA WA KUKAANGA

Pima vikombe 4 vya mahindi makavu, vikombe 2 vya mutama, na vikombe 2 vya soja.

Chagua mbegu vizuri. Zile zilizooza, zilizokunjamana ao zenye ukungu, tupa. Kwa karanga fanya vilevile, na kwa nguvu zaidi. Ukungu wa karanga na wa mahindi unaleta sumu inayoharibu ini, na kupika hakuondoi sumu ile. Musimupe kuku wala musitie ndani ya unga wa pombe. Tupa.

Osha mbegu, anika ku jua mpaka zikauke kabisa.

Kaanga kila mbegu peke yake, juu haziivi kwa wakati mumoja. Mahindi na mutama vikaangwe mpaka rangi igeuke na mbegu ivunjike kwa urahisi katikati ya meno. Soja ikaangwe kwa moto mudogo, polepole, mpaka ngozi ipasuke na ndani iwe na rangi ya kahawia kidogo. Kisha sugua, peperusha ngozi. Soja mbichi inazuia tumbo kutumia nguvu ya chakula, na inaleta kuhara. Basi usiharakishe soja.

Acha mbegu zipoe kabisa. Ukifunga kitu cha moto, jasho linaingia ndani ya chupa, na kisha siku chache kuko ukungu.

Twanga ao peleka ku mashine. Ku mashine mwambie mwenye kazi apanguse kwanza, kusudi unga mubichi wa muhogo ya mutu mwingine usiingie ndani ya wako. Chunga. Tia kikombe 1 cha sukari na kijiko kimoja kidogo cha chumvi. Usitie mafuta, juu mafuta yanaharibika upesi na yanaleta harufu.

Ku pori utatwaa vijiko vikubwa 4 vya unga, utatia maji safi mpaka nusu ya kikombe, utakoroga, utangoja kidogo unga unywe maji, utalisha. Kwa mutoto mudogo ongeza maji kidogo, lakini usifanye kama maji ya kunywa. Uji mwepesi unajaza tumbo na unaacha mutoto na njaa.

5. KIASI GANI?

Mama anayetembea na muzigo anaomba karibu nusu kilo ya unga huu kwa siku. Mutoto wa miaka 2 mpaka 5 anaomba karibu robo kilo kwa siku. Tayarisha ya siku 3. Basi mama na mutoto mumoja wa miaka 3 wanaomba kilo 2 na robo za unga. Ongeza nusu kilo ya karanga za kutwangwa. Jumla haifiki kilo 3. Hiyo mama anaweza kubeba hata kama mutoto yuko ku mugongo. Mama anayenyonyesha ale karanga zaidi, juu yeye anakula kwa watu wawili.

Usitie yote ndani ya mufuko mumoja. Mutoto wa miaka 7 na kupita abebe chupa yake ndogo. Katika mbio watoto wanaweza kupotea na mama siku moja ao mbili, na mutoto mwenye nusu kilo ya unga hatafuti chakula kwa kila mutu. Tena kama mufuko mumoja unanyanganywa, mwingine unabaki.

Na musikie hili vizuri: mutu mwenye bunduki akiomba chakula, mumupe. Musibishane. Unga unatengenezwa tena. Mama hatengenezwi tena.

6. NAMNA YA KUWEKA

Chupa za plastiki za maji ni nzuri, na bidoni ndogo ya lita 5 yenye mudomo mupana, na kopo yenye kifuniko cha nguvu. Osha na sabuni, suuza, anika siku nzima. Usitumie chupa iliyokuwa na petroli, na dawa ya shamba, na mafuta ya gari, hata kama umeosha mara 10.

Jaza mpaka juu, gongesha chini kusudi unga ushuke, jaza tena, funga. Chupa iliyojaa haina hewa nyingi, na unga unakaa vizuri zaidi. Funga chupa ndani ya kikwembe kikavu. Tundika juu ku ukuta, mbali na moshi wa jiko na mbali na sabuni, juu unga unakamata harufu ya kila kitu.

Andika siku na mwezi juu ya chupa. Kila mwisho wa mwezi mufungue, mupike uji wa nyumba nzima, kisha mutengeneze mwingine. Hakuna hasara hapo, umelisha watoto tu. Unga wa soja na karanga ukizeeka unapata uchungu na harufu ya mafuta mabovu. Huo si wa kubeba.

Na musitangaze. Mama hana lazima ya kuambia soko lote kwamba ku nyumba yake kuko chakula cha siku tatu. Watoto wadogo nao wanasema kila kitu. Waambieni kwamba ni unga wa uji, inatosha.

7. NAMNA YA KULA KWA KIMYA

Ule mbele mutoto hajaanza kulia. Hilo ni neno kubwa. Mutoto mwenye njaa analia, na kilio kinafika mbali kuliko harufu. Kwa sababu hiyo mulishe kidogo kidogo, mara 5 ao 6 kwa siku, musingoje saa ya kula.

Tumia kikombe cha plastiki na kijiko cha muti. Sufuria ya chuma na kijiko cha chuma vinalia usiku. Nawa mikono kwa maji kidogo na sabuni. Kama maji ni kidogo sana, nawa zaidi mukono ule wa kulisha. Panguza mudomo na mikono ya mutoto kwa kitambaa cha maji. Mabaki, makaratasi na mavi vyote vizikwe ndani ya udongo. Ni kwa kujificha, lakini ni kwa afya vilevile, juu inzi wanaotoka ku mavi wanakuja ku kikombe.

Anzeni nyumbani kuzoeza watoto. Mara moja kwa juma mupeni mutoto unga huu na maji baridi yaliyochemshwa. Mutoto aliyeonja mara nyingi hatakataa siku ya mbio.

Sasa nitasema neno ngumu. Kuna mama ambaye, kwa woga, anafunika mudomo na pua la mutoto kusudi anyamaze. Mama, dakika chache tu zinatosha mutoto kufa. Mwingine anamupa siro ya kikohozi, ao kidonge cha usingizi, ao lotoko kidogo. Dawa hizo zinaweza kusimamisha pumzi ya mutoto mudogo, na mama anafikiri amelala. Musifanye hivi hata siku moja. Njia ya kumunyamazisha mutoto ni ziwa, ni kijiko cha unga na karanga, ni kumufunga karibu ku kifua chako asikie moyo wako.

8. MAZIWA YA MAMA

Chakula kimoja hakina moshi, hakina harufu, hakiombi chupa wala maji, na kiko na joto sawasawa hata usiku wa mvua. Ni maziwa ya mama. Mutoto wa chini ya miezi 6 hana lazima ya kitu kingine, hata maji. Kisha miezi 6 mumuongezee unga, lakini aendelee kunyonya mpaka miaka 2 na kupita.

Wamama wengi wanasema: "Woga umekausha maziwa yangu." Mama, woga unaweza kukawiza maziwa kushuka kwa saa kidogo, lakini haukaushi. Weka mutoto ku ziwa tena na tena, muchana na usiku. Mutoto akinyonya, maziwa yanakuja. Hata mama aliyekonda anafanya maziwa. Yeye ndiye wa kupewa chakula, na mutoto apewe ziwa.

Maziwa ya kopo na chupa ya kunyonyea, muyaache. Ku pori hakuna pa kuchemsha chupa, na maji machafu ndani yake yanaua mutoto mudogo upesi. Mama anayekunywa dawa za virusi vya ukimwi, azibebe pamoja na unga wake na aendelee kuzikunywa kila siku, kusudi anyonyeshe mutoto kwa usalama.

9. MAJI

Unga mukavu unaomba maji, na maji machafu yanaua kuliko njaa. Munakumbuka Goma mwezi wa saba wa mwaka 1994: ndani ya kambi za wakimbizi kipindupindu kiliua maelfu ya watu kwa majuma machache.

Ku pori hatuwezi kuchemsha, basi mubebe vidonge vya kloro. Vidonge vingine ni vya maji kidogo, vingine ni vya bidoni nzima, kwa hiyo mumuulize muganga namna ya kutumia vile munavyopewa. Mukitia, mungoje dakika 30. Kama hakuna vidonge, jaza maji meupe ndani ya chupa ya plastiki inayoangaza, ya lita 2 ao chini yake, uilaze ku jua saa 6 nzima. Kama mawingu ni mengi, siku 2. Lakini chupa inametameta, basi isionekane toka njiani.

Mutoto akihara, mupe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyopanguswa juu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi kilichopanguswa. Kidogo kidogo, kwa kikombe, na ziwa liendelee.

10. MUHOGO YA SHAMBA LA NJIANI

Watu wenye njaa wanachimba muhogo njiani na kuikula mbichi, ao wanailoweka usiku mumoja tu. Muhogo ya uchungu iko na sumu. Ukikula mbichi unaweza kufa siku ile ile. Na wale wanaoikula majuma mengi bila kuiloweka vizuri wanaweza kupata konzo. Ugonjwa huo Muganga Trolli aliuandika mwaka 1938, aliouona Kwango. Jina lake linatoka katika kiyaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Miguu inakauka kwa mara moja, haipone tena, na unakamata zaidi watoto na wamama. Muhogo ya uchungu ilowekwe siku 3, ikaushwe, kisha ipikwe. Kama hamuwezi kufanya hivi, muiache. Vilevile uyoga na viazi vya pori musivyovijua.

11. KUFICHA KWA NANI?

Mama mumoja wa mukutano wetu aliuliza: "Si zambi kula kwa kificho wakati wengine wana njaa?" Ni ulizo la mutu mwenye moyo. Jibu langu ni hili. Kumuficha mwivi chakula cha mutoto wako si ubaya. Kuketi ndani ya hema yako na kulisha mutoto, pasipo kukaa mulangoni mbele ya macho ya wote, ni heshima. Lakini kama mumejificha familia tatu pahali pamoja, mupatane mbele: watoto kwanza, kisha wenye mimba na wanaonyonyesha, kisha wengine. Mutoto wa mwenzako akilia kwa njaa, kilio chake kitawafunua ninyi wote. Kijiko unachomupa kinamuokoa yeye na wako. Na yule aliyekupokea ndani ya nyumba yake, usimufiche. Fungua mufuko wako mbele yake.

12. MAULIZO YA WAMAMA

"Bwana yangu anavua ndakala. Nikizitwanga unga na kufunga sana, si harufu itaisha?" Hapana, mama. Harufu inapita ku mufuko. Ndakala zako ni dawa nzuri nyumbani: tia ku uji wa watoto leo, wakuwe na damu na nguvu mbele ya siku mbaya.

"Sina franka za soja. Nitie maharagwe?" Maharagwe hayatoshi kukaangwa tu. Yanaomba kuchemka sana ndani ya maji, bila hiyo yanaleta kutapika na kuhara. Weka karanga pahali pa soja.

"Nitajua namna gani kama mutoto amekonda sana?" Leta mutoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, tutapima mukono wake na kamba ile ya rangi. Chini ya sentimetre 11 na nusu ni nyekundu. Hapo ni hatari, aje pale pale. Toka 11 na nusu mpaka 12 na nusu ni manjano, aangaliwe. Mukirudi toka ku pori, mupite hapa kwanza watoto wapimwe, hata kama wanacheza.

13. KAZI YA JUMA HILI

Siku ya kwanza, tafuta chupa 2 ao 3 zenye vifuniko, osha, anika.
Siku ya pili, chagua mbegu na karanga.
Siku ya tatu, kaanga, poza, saga, funga, andika tarehe.
Siku ya ine, onjesha watoto na maji baridi yaliyochemshwa.
Siku ya tano, weka pamoja: unga, karanga, sukari, chumvi, kikombe, kijiko cha muti, sabuni, vidonge vya maji, kikwembe, kitabu cha kilo cha mutoto. Tundika pahali ambapo mukono wako unafika hata katika giza.

Tunamuomba Mungu kwamba chupa hizo ziliwe zote nyumbani, mwezi kwa mwezi, uji wa asubuhi tu, na hakuna mutu wa kukimbia. Lakini mukija ku kilo mwezi ujao, kila mama alete chupa yake moja. Tutafungua pamoja, tutanusa, tutaonja. Ile yenye harufu tutauliza kwa nini, na tutatengeneza ingine.

Sasa mama wa kwanza ku mustari alete mutoto wake.